Seva moja, kadi moja, anwani nne

Kadi ya mtandao haiijui anwani ya IP, ile namba kama 192.168.10.11 ambayo mashine huitwa nayo mtandaoni. Naanza na hilo kwa sababu ndipo vijana wengi wanaokuja kwetu fildi hukwama. Kadi inajua namba yake moja tu, ile ya biti 48 iliyowekwa kiwandani. Anwani ya IP inakaa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kerneli haina shida ukiiandikia anwani moja, nne au mia mbili juu ya kadi hiyohiyo. Kwa hiyo ukimsikia fundi akimwambia mwenye ofisi anunue kadi tatu eti kwa kuwa zinahitajika IP tatu, ujue mwenye ofisi anaingizwa gharama ya bure.

Swali lenye uzito ni kwa nini mtu atake anwani nyingi kwenye mashine moja. Nitajibu kwa kazi niliyoifanya kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi hapa Dodoma, kwa sababu naona inafundisha kuliko mifano ya kampuni kubwa.

Ofisi nyingi za mji huu, hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, zimekaa kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia. Kituo hiki nacho kiko hivyo. Chumba cha seva ni kilichokuwa chumba cha kulala, kina dirisha la nyavu linalotazama barabara ya vumbi. Juu ya meza kulikuwa na mashine tatu: moja ya mfumo wa wagonjwa na malipo, ya pili ya mafaili na fomu zilizoskaniwa, ya tatu ya mahudhurio, ile inayopokea alama za vidole kutoka kwenye kifaa kilichopo mlangoni. Kila moja ilinunuliwa na fundi wake kwa wakati wake, na kila fundi aliondoka na siri zake. Ukifungua kifuniko, feni imevaa koti la vumbi. Anayeijua Dodoma ya Agosti, upepo ukivuma, hahitaji maelezo.

Mwenye kituo, mama mtu mzima aliyetumikia uuguzi miaka mingi, hakuwa na habari na anwani za IP. Yeye alikuwa na shida ya umeme. "Mwanangu, hizi tatu zinanimalizia LUKU, na umeme ukikatika hiyo UPS inalia kidogo tu, kimya." Tukakubaliana inunuliwe mashine moja yenye nguvu, kazi zote tatu zihamie humo.

Kuhamisha programu na data si kazi ya kuandikia makala. Kigugumizi kilikuwa kwenye anwani. Zile mashine zilikuwa 192.168.10.11, .12 na .13, na namba hizo zilikuwa zimesambaa jengo zima. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa na njia ya mkato inayokwenda .11. Ya maabara hivyohivyo. Skana ilikuwa inatuma fomu kwenye folda ya .12, na menyu yake ni ya kubonyeza vitufe vinne vidogo mpaka kidole kiume. Kifaa cha vidole mlangoni kilikuwa kimeandikiwa .13, nywila ya menyu yake aliondoka nayo aliyekifunga, na kukirudisha kwenye hali ya kiwandani maana yake ni kuwaita wafanyakazi wote wasajili vidole upya.

Unaweza kuzunguka ukibadilisha kimoja kimoja. Wapo mafundi wanaoona huo ndio usafi wa kazi. Mimi naona vinginevyo: anwani ni mali ya huduma, mashine inaibeba tu. Dada wa mapokezi akifungua .11, anatafuta mfumo wa wagonjwa. Boksi lililo nyuma yake halimhusu, na likifa kesho likaja lingine, .11 inapaswa kuhama na huduma yake bila yeye kujua. Kwa hiyo mashine mpya ilipewa zote tatu. Juu yake nikaongeza ya nne, .10, ambayo ni ya mashine yenyewe. Hiyo ndiyo ninayoingilia mimi kwa ajili ya matengenezo, na hakuna huduma yoyote inayoruhusiwa kuisikilizia. Hili la anwani ya matengenezo wengi huliruka, halafu siku wanapotaka kuhamisha huduma wanajikuta wamekata tawi walilokalia.

Inawezekanaje kadi moja iitikie majina manne? Fikiria jengo la fremu za biashara lenye geti moja na mlinzi mmoja. Ukifika ukamtaja fundi cherehani, mlinzi anasema yupo, pita hapa. Ukimtaja wa simu, anasema hivyohivyo. Kwenye mtandao wa ndani kazi hiyo inafanywa na itifaki iitwayo ARP. Kompyuta ya mapokezi inatangaza kwa wote: nani mwenye 192.168.10.11? Kerneli ya seva inaangalia orodha yake, inaikuta, inajibu kwa namba ya kiwandani ya kadi. Ikiulizwa .12 au .13, inajibu namba ileile. Swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za ofisi, haioni ajabu yoyote, maana yenyewe inashughulika na namba za kadi tu.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva hii, kuongeza anwani ni mstari mmoja:

ip addr add 192.168.10.11/24 dev eno1

Ile /24 inataja sabneti, yaani kundi la anwani za mtandao mmoja, hapa zote zinazoanza na 192.168.10. Neno la mwisho ni jina la kadi, nawe utalikuta tofauti kwenye mashine yako. Zamani tulitumia ifconfig na majina ya kubandika kama eth0:1 na eth0:2, kana kwamba kuna kadi za mzimu. Mtindo ule bado unafanya kazi kwenye mifumo mingi lakini una hila yake: anwani iliyoongezwa kwa amri ya ip bila jina la kubandika haionekani kabisa ukiangalia kwa ifconfig. Nimeshaitwa mahali ambapo mafundi wawili wanabishana kuhusu anwani ipo au haipo, kila mmoja anaonyesha kioo chake, na wote wanasema kweli.

Kabla ya kuongeza, hakikisha hakuna mwingine anayeitumia. Hapo kuna amri ndogo ninayoipenda, arping yenye -D, inayouliza mtandao kama kuna wa kujibu. Ukijibiwa, simama. Angalia pia ruta, kifaa kinachotutoa kwenye intaneti, inagawa anwani kuanzia wapi. Ikiwa inagawa kuanzia .2 mpaka .254, siku moja simu ya mgeni itapewa .12 na skana itaanza kutuma fomu za wagonjwa kusikojulikana. Pale kituoni nilibana mgao uanzie .100, zilizo chini yake zikabaki za kuandikwa kwa mkono.

Na ukishaihamisha anwani kutoka mashine ya zamani, usishangae wengine wakiendelea kuitafuta kwa namba ya kadi ya zamani. Vifaa vinatunza majibu ya ARP kwa muda. Kompyuta za kawaida husahau upesi, lakini ruta za Cisco, usipozigusa, hukumbuka kwa saa 4. Dawa yake ni seva ijitangaze bila kuulizwa:

arping -U -I eno1 -c 3 192.168.10.11

Mapokezi walikuwa wameshaanza kuandika wagonjwa kwenye daftari. Amri hiyo ilipopita, ukurasa ukafunguka kwao, na mama akauliza kama tayari nimemaliza. Nilikuwa sijafika hata katikati.

Maana kupokea ni upande mwepesi. Mtu akiita .11, jibu linatoka na .11, hakuna mjadala. Ugumu unaanza pale seva yenyewe inapokuwa ya kwanza kuongea. Inajitambulisha kwa anwani ipi kati ya nne? Usipoiambia, kerneli huchukua anwani ya kwanza ya sabneti husika, ile inayoihesabu kuwa kuu, na nyingine zote inaziita za ziada. Kwetu ingekuwa .10.

Sasa pale kituoni ruta ilikuwa na sheria: kwenye intaneti inatoka .11 peke yake, kwa sababu mfumo wa wagonjwa ndio unaotuma madai ya bima. Sheria nzuri, nisingependa kuilegeza. Lakini seva mpya ingetoka kama .10, ruta ingeitupa, na kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ingeonekana kwamba mfumo unafunguka vizuri ila madai hayaendi. Tatizo la namna hiyo linaweza kukupotezea siku nzima kama hujui pa kutazama. Pa kutazama ni hapa:

ip route get 1.1.1.1

Jibu linakuonyesha njia itakayopitwa na, baada ya neno src, anwani itakayotumika kujitambulisha. Nikaielekeza njia ya kutokea itumie .11:

ip route replace default via 192.168.10.1 dev eno1 src 192.168.10.11

Mazungumzo ya ndani hayaguswi na mabadiliko hayo. Wenye seva za barua pepe walielewe hili kuliko wote, kwa kuwa seva zinazopokea hulinganisha anwani inayotuma na kumbukumbu za kikoa. Seva ikitumia anwani jirani ambayo haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, au isiyo na jina la kurudi nyuma (jina linalopatikana ukiuliza kwa anwani), barua zinaishia kwenye takataka. Postfix, programu ya seva ya barua pepe, ina mpangilio wake wa smtp_bind_address kwa kazi hiyo, na ni bora kuutumia kuliko kugeuza njia ya mashine nzima.

Kuna mtego mwingine kwa huduma zinazotumia UDP, utumaji wa vipande bila kufungua muunganisho kwanza, kama DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) na baadhi ya simu za ofisini zinazopita kwenye mtandao. Programu ikisikiliza kwenye anwani zote kwa pamoja bila kuandikwa kwa uangalifu, unaweza kuiuliza kupitia .12 ikakujibu kwa .10. Aliyeuliza anaona jibu limetoka kwa mtu asiyemjua, analitupa. Suluhisho ni kuibana programu isikilize kwenye anwani yake tu.

Na kubana huko nakufanya kwa kila kitu, UDP au la. Kwenye nginx, programu inayotoa kurasa za wavuti, niliandika listen 192.168.10.11:80 kwa mfumo wa wagonjwa na 192.168.10.13:80 kwa mahudhurio. Programu mbili, poti (namba ya mlango wa huduma) ileile, hazigongani. Hiyo ndiyo faida ya anwani nyingi ambayo watu huisahau wakaanza kuwaambia wahudumu waandike poti 8080 na 8081 mwishoni, na mhudumu mwenye foleni ya wagonjwa mbele yake hana muda wa nukta mbili na tarakimu. Samba, inayogawa mafaili, ikabanwa kwenye .12. Hifadhidata ikawekwa 127.0.0.1, isionekane nje ya mashine kabisa. Kisha ss -ltun, unasoma orodha ya zinazosikiliza, na ukiona 0.0.0.0, maana yake anwani zote, mahali unajiuliza kwa nini ipo.

Lakini kubana kuna gharama yake, na Dodoma utailipa haraka. Umeme ukikatika mpaka UPS ikaisha, kisha ukarudi ghafla, seva na swichi vinawaka pamoja. Seva za siku hizi zenye diski za kisasa zinaamka upesi kuliko swichi ndogo. Kwenye Ubuntu Server, kazi ya kupanga mtandao hufanywa na systemd-networkd, nayo kwa kawaida haiweki anwani kwenye kadi mpaka ione waya una uhai. Swichi bado inajikusanya, anwani hazijawekwa, nginx inaamka na kuambiwa ikalie .11. Inajibu kwamba anwani hiyo haipo, inagoma. Dakika moja baadaye anwani zote nne zipo, ping inajibu, na ukurasa haufunguki. Mlinzi wa usiku atakupigia simu, nawe utamwambia zima uwashe, naye atafanya hivyo, na safari hii itakubali kwa kuwa swichi imeshaamka. Watu wengine wanaishi na ugonjwa huu miaka wakiulaumu umeme.

Tiba ni mpangilio mmoja wa kerneli, net.ipv4.ip_nonlocal_bind ukiwa 1, unaoruhusu programu kukalia anwani ambayo bado haijafika. Inakaa, inasubiri, anwani ikija kazi inaendelea. Nilijaribu kwa kuchomoa waya wa swichi na kuwasha seva ikiwa pweke. Fanya jaribio hilo kabla ya kuondoka kazini, maana ukishafika nyumbani Kisasa au Nkuhungu saa nne usiku, kurudi mjini si jambo la kufurahisha.

Amri za ip nilizoandika hapo juu hupotea mashine ikizimwa. Ili zibaki, Ubuntu inatumia netplan, na orodha inakaa kwenye faili moja:

network:
  version: 2
  ethernets:
    eno1:
      addresses:
        - 192.168.10.10/24
        - 192.168.10.11/24
        - 192.168.10.12/24
        - 192.168.10.13/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
          from: 192.168.10.11

Nafasi za mwanzo wa mistari zina maana, na kitufe cha tabo hakitakiwi humo. Huo mstari wa from ndio unaofanya kazi ya src. Nimeuandika waziwazi kwa kuwa sipendi kutegemea kwamba anwani ya juu kwenye orodha ndiyo itakayokuwa kuu. Na usitumie netplan apply ukiwa umeingia kutoka mbali. Tumia netplan try, ambayo usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha mpangilio wa zamani yenyewe. Aliyeiwaza hiyo naamini aliwahi kujifungia nje.

Hayo yote ni ya mtandao wa ndani, ambako anwani ni za bure: kundi la zinazoanza na 10 peke yake lina zaidi ya milioni 16. Mtu akisoma hapa akaenda kumwomba mtoa huduma wake wa intaneti anwani nne za umma kwa ajili ya tovuti nne, atakuwa hajanielewa. Za umma zimekwisha. Ghala la dunia lilimaliza mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC, wagawaji wa Afrika walioko Mauritius, tangu Januari 2020 wanatoa si zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Wakati fulani kulikuwa na sababu ya kuzitaka. Tovuti yenye cheti cha usalama ilihitaji anwani yake pekee, kwa kuwa seva ilipaswa kuonyesha cheti kabla haijajua mgeni anataka tovuti ipi. Nyongeza ya SNI, iliyoandikwa mwaka 2003, ilimruhusu mgeni ataje jina la tovuti mapema, lakini Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kuikubali, na XP ilikuwa kila ofisi. Microsoft walipoacha kuihudumia Aprili 2014, hoja ile ikaanza kufa. Leo tovuti mia zenye vyeti mia zinakaa kwenye anwani moja bila ugomvi. Bado ninakutana na wauzaji wanaotoza anwani ya pekee "kwa ajili ya cheti". Waulize ni kivinjari gani cha leo kinachoihitaji.

IPv6, toleo jipya la anwani za IP, yenyewe ilizaliwa na tabia hii ya anwani nyingi kwenye kadi moja. Kila kadi ina anwani inayoanza na fe80, ya hapohapo kwenye waya, na juu yake moja au zaidi za kutokea nje. Angalia laptopu yako ukiwa kwenye mtandao wenye IPv6, utakuta zimerundikana bila mtu kuomba ruhusa.

Imebaki kuondoa. Kifaa cha vidole siku moja kitabadilishwa na .13 haitahitajika. Usiiondoe kwa kudhani, isikilize kwanza:

tcpdump -ni eno1 host 192.168.10.13

Iache ikiandika kwenye faili, na usihesabu ukimya wa wiki moja kuwa jibu. Kuna ripoti ambazo mhasibu huzivuta mwisho wa mwezi tu, siku za mishahara, kutoka kwenye laptopu ambayo siku nyingine iko kwenye begi. Mwezi ukipita na mishahara ikatoka bila mtu kuigusa, ip addr del itaiondoa, kisha ufute mstari wake kwenye netplan.

Kabla ya kubonyeza, angalia anwani unayoondoa isiwe ile kuu. Tabia ya asili ya kerneli ni kwamba kuu ikiondoka, za ziada zote za sabneti ile zinaondoka nayo, pamoja na ile uliyoingilia. Mifumo mingi ya sasa inawasha promote_secondaries ili anayefuata apandishwe cheo badala yake, ila mashine za zamani hazina, kwa hiyo isome kwanza kwa sysctl net.ipv4.conf.eno1.promote_secondaries. Ikisema 0, iweke 1, halafu ndiyo uendelee.